Fremu Iliyochemka kwa Siki

Kabla hujaigusa fremu ya baiskeli kwa moto, iguse kwanza kwa siki. Ndiyo, siki hiyohiyo ya kachumbari. Kwangua rangi kidogo mahali pasipoonekana, chini kabisa karibu na pedeli, dondosha tone moja, hesabu mpaka kumi. Ikinyamaza, endelea na kazi zako. Ikianza kutoa mapovu kama soda iliyotikiswa, weka tochi ya gesi chini, weka drili chini, vuta stuli ukae, na umkumbuke mzee Hamza. Mimi sikukaa, na nyusi za jicho langu la kushoto hazijarudi zote mpaka leo.

Nawaandikia nyinyi mnaoshika spana sasa hivi pale kijiweni kwetu Kariakoo, upande wa kuelekea Mchafukoge. Mimi nimestaafu. Nipo zangu Magomeni, nakunywa chai barazani, na kila baiskeli inayopita naisikiliza cheni yake kama daktari anayesikiliza kifua. Mke wangu anasema siku moja nitaifuata baiskeli ya mtu mpaka Ubungo na msuli wangu kiunoni. Ameshakosea, kwa sababu siku hiyo ilishapita, na ndiyo hasa ninayotaka kuwasimulia. Msuli ulikuwepo, ila sikufika Ubungo.

Kwanza lazima niwaeleze kuhusu kreti, maana baadhi yenu mmelikuta tu na mnadhani ni la kukalia.

Lile kreti la soda jekundu lililopasuka pembeni aliliweka marehemu Mzee Pazi, mwalimu wangu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Sheria yake ilikuwa hivi. Fundi akiharibu baiskeli ya mteja, hafichi. Saa ya kahawa ya alasiri anapanda juu ya kreti, mafundi wote wamemzunguka na mteja mwenyewe yupo, anasimulia kosa lake tangu mwanzo hadi mwisho. Watu wanacheka mpaka washibe. Akimaliza, mteja aliyeharibiwa anachukua kikombe cha kahawa na kumpa kwa mkono wake. Kikombe kikishapokelewa, kesi imekwisha, na ni mwiko mtu kumchokoza tena kwa jambo hilo. Kama mteja hajampa kahawa, fundi huyo hakai kijiweni. Anakunywa amesimama, hata zikipita siku arobaini.

Mimi nilipanda kreti mara tatu nikiwa kijana. Mara ya kwanza nilipaka grisi kwenye raba za breki za muuza mikate, kwa nia njema kabisa, ili ziache kupiga kelele. Kelele ziliisha. Muuza mikate hakuweza kusimama mpaka alipofika Mnazi Mmoja, na huko alisimamishwa na toroli la matikiti. Nilipolisimulia juu ya kreti, yeye mwenyewe ndiye aliyecheka kuliko wote, akanipa kahawa na kipande cha mkate uliopona. Tangu siku hiyo hakuna fundi pale aliyepaka grisi kwenye breki. Ndiyo maana ya kreti, wanangu. Kosa la mmoja linakuwa shule ya wote, na shule yenyewe ina vichekesho.

Mzee Pazi alipofariki, kreti nikalirithi mimi, pamoja na baiskeli yake nyeusi ya chuma. Nikawa ndiye mwenye kuamua nani apande. Hapo ndipo kichwa kilipovimba. Miaka ikapita, nikawapandisha wengine kwa mamia ya makosa, mimi mwenyewe sikupanda hata mara moja. Nilianza kuliongelea jambo hilo bila kuulizwa. Nilipotangaza kwamba mwisho wa mwaka nastaafu, nilisema mbele ya kijiwe kizima, "Nitaondoka hapa miguu yangu haijui kreti tangu nishike uenyekiti." Mungu alisikia.

Ilikuwa Disemba, jua kali, Kariakoo imejaa watu wa kununua nguo za sikukuu. Kazi yangu ya mwisho ikaja inasukumwa na Aneth.

Aneth ni kitindamimba wa Mangi, yule Mchaga muuza misumari na mabati kwa jumla mtaa wa pili kutoka kijiweni. Mnamjua Mangi: mwili kama ghala, moyo kama halua. Mnajua pia Wachaga na Krismasi. Ikifika Disemba wanapanda kwenda kwao Moshi, na asiyepanda anaulizwa kama anaumwa. Mwaka ule kaka zake Aneth walikuwa wanabishana nani atawahi kufika na gari lake, na binti huyu, bila kupepesa macho, akasema yeye atakwenda kwa baiskeli. Kilomita zaidi ya mia tano! Walicheka. Akampigia simu bibi yake Kibosho kumwambia, bibi akawaambia akina mama wa kanisani, na akina mama wa kanisani wakauambia mlima mzima. Ikawa haiwezekani tena kurudi nyuma.

"Shikamoo babu," akaniambia.

"Marahaba mjukuu. Ndiyo huyu farasi wa Kibosho?"

"Ndiye. Nataka keria ya nyuma, nibebe begi. Alhamisi alfajiri nasepa."

"Leo Jumatatu. Jumanne jioni unachukua."

Akaniachia. Baiskeli yenyewe ilikuwa imetoka kwenye kontena la mitumba, ya kijivu, miguu minene ya ajabu, haina kovu hata moja la kuchomelewa, kana kwamba ilizaliwa hivyohivyo. Niliinyanyua kwa vidole viwili. Nilicheka peke yangu, nikainyanyua tena. Nikamwita jirani yangu Awadh ainyanyue. Awadh ana duka la tende, halua na achari, babu zake walitoka Hadramaut na yeye mwenyewe hajawahi kutoka Kariakoo zaidi ya kwenda Kigamboni. Akainyanyua kwa kidole kimoja kunishinda.

"Hamza, hii ni maganda matupu," akasema. "Yai lenyewe liko wapi?"

Sasa sikilizeni jinsi fundi mkuu anavyokuwa mjinga. Mzee Pazi alinifundisha kuigonga fremu kwa spoki na kusikiliza. Chuma kinaimba, na sauti inabaki hewani. Alumini inajibu kwa kifupi halafu inakwenda zake. Nikaigonga ile ya Aneth, ikatoa mlio mmoja mzito, dap, kama nimegonga mlango wa jirani asiyetaka wageni. Ilinuna nilipoigonga. Nikajiambia, hii ni alumini yenye mafua. Kuzunguka bolti zake za zamani kulikuwa na unga mweupe uliovimba chini ya rangi. Nikaupuliza nikidhani ni chumvi, kwa sababu Aneth huipitisha bonde la Jangwani kila siku akienda mazoezini, na mnajua maji ya Jangwani yakituama yana kila kitu ndani isipokuwa maji. Fremu ilikuwa inanipigia kelele ya kuomba msaada kwa njia zote inazozijua. Mimi nikawasha drili.

Lo, jinsi ilivyotoboka! Drili ilizama kama kwenye jibini. Machicha yakamwagika chini, meupe, mepesi, yanang'aa kama machicha ya nazi, nami nikawa napiga mluzi. Nikatoboa matundu mawili kwenye miguu ya nyuma, ile inayoshuka kutoka kwenye tandiko hadi kwenye gurudumu. Kisha nikaona keria haikai vizuri, vyuma vyake vinahitaji kukunjwa kidogo kwa moto. Nikachuchumaa palepale, juu ya yale machicha, nikawasha tochi ya gesi.

Sikuwahi kuona kitu kama kile maishani. Cheche moja ilianguka, na ardhi ikawaka. Haikuwaka nyekundu wala ya njano, iliwaka nyeupe, nyeupe ya kukuumiza macho mchana wa jua la Disemba. Nilirukia upande nisioujua. Fundi mmoja kwa huruma akachota ndoo ya maji akamwaga, na moto, badala ya kuzimika, ukaruka juu ukapiga makofi! Watu wakakimbia. Mama mmoja aliacha viatu alivyokuwa anavijaribu. Awadh alitoka dukani amekumbatia kopo la halua kifuani, anapiga kelele, "Transfoma! Transfoma imelipuka!" na transfoma yenyewe iko mtaa mwingine kabisa. Jirani palikuwa na jengo linajengwa, na fundi ujenzi mmoja, bila kuulizwa, akaleta beleshi la mchanga mkavu akaumwaga juu ya ule moto taratibu kama anayefunika chakula. Ukafa. Jina lake sikulipata, lakini namwombea mpaka leo. Mchanga mkavu, wanangu, na uwe karibu. Maji kwenye moto ule ni kama kumwaga mafuta.

Baiskeli ilikuwa imening'inia kwenye kamba, haikuguswa. Aliyeguswa ni mimi na nyusi zangu.

"Panda kreti!" wakaanza kupiga makofi. "Panda! Panda! Panda!"

Na mimi, mwenyekiti, nikanyoosha mkono kama hakimu. "Hakuna baiskeli ya mteja iliyoharibika. Lilikuwa tambara la petroli. Sheria ni sheria."

Walinung'unika wakatawanyika. Uongo wangu wa kwanza huo, na wa pili haukuchelewa.

Kesho yake Jumanne nikaja kufunga keria. Nikachukua bolti za chuma, bila washa, ile pete ya plastiki, bila grisi, uchi kwa uchi, nikazikaza kwa nguvu zote kama ninavyokaza za baiskeli za mkaa. Kwenye bolti ya pili nikasikia kitu kidogo sana. Kik. Nikainama na miwani yangu. Kutoka kwenye lile tundu nililotoboa, ufa mwembamba kama unywele ulikuwa umetambaa kuelekea kwenye kiungo.

Hapa naona aibu kuandika, lakini naandika. Niliangalia kushoto, nikaangalia kulia. Nilifikiria kustaafu kwangu, pilau waliyoniahidi, na maneno yangu kuhusu miguu na kreti. Nikachukua pati, ile wanayozibia mabonde kwenye bodi za magari, nikaipaka juu ya ufa, nikapiga msasa, nikapulizia rangi ya kijivu. Ilipendeza sana. Kazi ya kuharibu niliifanya vibaya na kazi ya kuficha niliifanya vizuri kuliko kazi zangu zote za mwaka ule.

Nilijipa moyo kwamba alumini ni ngumu, itavumilia. Kisha Awadh akaja kula chakula cha mchana kwenye benchi langu, wali na samaki na vitunguu vilivyoloweshwa kwenye siki. Awadh hula akiwa anaongea, na huongea kwa mikono. Bakuli la vitunguu likapinduka, siki ikamwagikia upande mwingine wa fremu, niliokuwa nimeukwangua kwa msasa na sikuwa nimeupaka rangi bado.

Fremu ikachemka. Wallahi ilichemka! Mapovu yalipanda na sauti ya shhhh.

Awadh akaitazama fremu, akaitazama siki, akanitazama mimi. "Hamza," akasema polepole, "achari zangu naziuza miaka thelathini. Alumini haifanyi hivi. Sufuria zangu zote zingekuwa zimeondoka."

Nikapafuta haraka kwa kitambaa, nikapapulizia rangi. Saa hiyohiyo, bila kungoja jioni, Aneth akatokea, amevaa kofia mpya ya kuendeshea, akaizunguka baiskeli mara mbili, akaipenda, akanikumbatia, nami nikamkumbatia. "Babu, wewe ni noma!" Nilifungua mdomo. Mdomo ukasema, "Safari njema, mjukuu." Akapanda akaondoka nayo, na mimi nikabaki na kitambaa mkononi.

Jumatano asubuhi nilichota yale machicha yaliyosalia kwenye karatasi nikaenda mtaa wa Gerezani kwa dada mmoja mchomeleaji, Tausi, aliyesomea vyuma chuoni na ana mikono mitulivu kuliko ya daktari wa meno. Akayasogeza kwa kucha, akatabasamu.

"Baba yangu, hii ni magnesiamu. Umeitoa wapi?"

"Ni kitu kibaya?"

"Kibaya? Kitu kitamu hicho!" Akavuta stuli. "Ni nyepesi kuliko alumini. Inamiminwa kwenye kalibu kama keki, inatoka kipande kimoja, haina maungio ya kuchomelea. Na inameza mtikisiko. Ukipita kwenye mashimo, mikono haifi ganzi. Ndiyo maana ukiigonga hailii, sauti yote inaila yenyewe. Mimi ningeipata ningelala nayo."

Nikaanza kupumua. Akaendelea.

"Ila ina deko. Chumvi inaila, na sisi tuko pwani. Rangi ikibanduka, ipakwe haraka. Bolti ya chuma isiiguse uchi, weka washa za plastiki na grisi, la sivyo palepale panageuka unga mweupe. Isikazwe kwa hasira. Isikunjwe, ikipinda imepinda. Machicha yake yanawaka." Akaangalia nyusi zangu. "Naona hilo umeshaambiwa. Na kuchomelea huku mtaani usithubutu, hata mimi sithubutu. Sasa tundu, baba yangu, usiitoboe mahali ambapo kiwanda hakikutoboa. Ukitoboa, unaifundisha mahali pa kupasukia."

"Na ikishapasuka? Ufa mdogo tu?"

Tausi hakucheka tena. "Inaweza kumbeba mtu leo, ikambeba kesho. Halafu anateremka mlima kwa kasi, inakatika mara moja bila kuaga. Kuna mtu anaiendesha?"

Nilimwambia hapana. Uongo wa tatu.

Nikatoka pale nikaenda moja kwa moja dukani kwa Mangi kusema ukweli. Mungu ni shahidi wangu, nilikwenda nikiwa nimeshaupanga mdomoni. Nikakuta duka limejaa mashangazi, ndizi nyama inapakuliwa, na Mangi akaniona akanyanyua mikono yote miwili.

"Huyu hapa! Huyu ndiye fundi mwenyewe aisee! Mwanangu anapanda Moshi kwa mkono wa mtu huyu! Mpeni sahani!"

Wakapiga vigelegele. Nikapewa sahani. Nikala. Nikaongezewa. Nikashukuru, nikarudi Magomeni nimeshiba ndizi za watu na ukweli wangu bado uko mdomoni, haujasogea hata kidogo. Nyinyi mnaodhani woga ni kitu cha vijana, niulizeni mimi.

Lakini usingizi ulinikataa, na kulipopambazuka nilijua kitu kimoja tu: njia ya Moshi inapita Magomeni. Atatoka Kariakoo, atashuka Jangwani, atapanda huku kwangu. Nikatoka na msuli kiunoni na fulana iliyogeuzwa ndani nje. Njiani nikanyakua kreti tupu la soda nje ya duka la jirani, yeye ananiita, "Mzee Hamza, vipi?" na mimi sigeuki. Nikasimama ukingoni mwa barabara, kreti mkononi, jua linachomoza.

Wakaja. Aneth mbele, amevaa nyekundu, anakanyaga kama anacheza. Nyuma yake pikapu ya Mangi inapiga honi, mashangazi wamekaa nyuma wanaimba nyimbo za Krismasi. Nikaingia barabarani, nikatupa kreti chini, nikapanda juu yake na kunyanyua mikono yote miwili. Msuli ulitaka kuniacha, nikaukamata kwa kiwiko.

"Simama, mjukuu! Simama!"

Breki zililia. Angalau breki nilizifanya vizuri.

"Babu? Kuna nini?"

Nikasimulia. Juu ya kreti, mbele ya mashangazi, mbele ya abiria wa kituoni waliokuwa wanasubiri mwendokasi, nikasimulia kila kitu: tundu, moto, tambara la uongo, bolti, kik, pati, siki, Tausi, ndizi zao nilizokula. Hakuna aliyecheka.

Mangi akashuka kwenye pikapu. "Fundi, unazeeka vibaya aisee. Baiskeli nzima kabisa hii! Mwanangu ameizungusha jana Kariakoo yote."

"Mangi, nakuomba, kwangua hiyo rangi uone."

"Nikwangue nini? Kama itanibeba mimi, itamshinda mtoto?"

Akamwondoa Aneth, akapandisha mguu, akakaa juu ya tandiko kwa uzito wake wote wa ghala. Fremu ikanyamaza. Akanitazama kwa ushindi. Akajirusha kidogo, akajirusha tena.

Dap.

Mlio uleule, mzito, wa mtu asiyetaka wageni. Mguu wa nyuma ulikatika palepale kwenye tundu langu, wa pili ukafuata, na Mangi akakaa barabarani, tandiko bado liko chini yake kama kiti cha enzi, gurudumu la nyuma linajiendea peke yake kuelekea Jangwani.

Halafu shangazi mmoja akaanza kucheka, akajaribu kujizuia kwa kanga, akashindwa. Kituo kizima kikalipuka. Mangi mwenyewe alicheka mpaka akakosa nguvu ya kunyanyuka, kisha, bado yuko chini, akaacha ghafla. Akatazama mahali palipokatika, akamtazama bintiye, akamshika kifundo cha mguu na hakukiachia kwa muda mrefu.

Aneth hakucheka. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Babu, ulinikumbatia," akasema. "Ulijua, ukanikumbatia."

Hilo lilinichoma kuliko moto wote wa Jumatatu. Nilikwenda nyumbani karibu kukimbia, nikarudi nikisukuma baiskeli nyeusi ya Mzee Pazi. Chuma kitupu, haina gia, ina dinamo na kengele ya kuamsha wafu.

Aneth akainyanyua, au tuseme alijaribu. "Hii siyo baiskeli. Hii ni geti."

"Ni geti," nikakubali. "Lakini halitakatika. Na likikatika, fundi yeyote wa kijiji chochote njiani atalichomelea."

Muuza kahawa akapita wakati huohuo na birika lake, akigonganisha vikombe. Sote tunaojua mila yetu tungeangalia vile vikombe. Aneth anaijua, amekulia mtaa wa pili. Aliviangalia, akaniangalia mimi niliyesimama kando ya kreti, akafunga kofia yake na kuondoka kwa geti langu, taratibu, magoti yakipanda na kushuka, pikapu nyuma yake. Kahawa hakunipa.

Basi nikastaafu nikiwa mtu wa kusimama. Pilau nilikula nimesimama. Kijiweni nikaenda kila siku kunywa kahawa nimeegemea nguzo, na Awadh akaniletea stuli mara mbili, mara mbili nikairudisha. Habari zilikuja kwenye simu ya Mangi. Chalinze amefika. Milimani anasukuma kwa mkono. Tairi limepasuka, fundi wa njiani ameliziba akacheka kuona dinamo. Kaka zake walifika mapema na magari yao wakalala. Yeye alifika siku ya Krismasi yenyewe, watu wanatoka ibadani Kibosho, na akina mama wa kanisani walisikia ile kengele kabla hawajamwona. Niliposikia nilipiga kelele, nikamkumbatia Awadh na kopo lake.

Januari ilipoingia, alasiri moja, tulisikia kengele hiyohiyo mtaani. Aneth alikuwa amerudi kwa basi na geti likiwa kwenye buti, amelipanda kutoka stendi. Akalisimamisha mbele ya kijiwe. Kwenye keria, keria niliyoifunga mimi kwenye chuma miaka ile nikiwa kijana, kulikuwa na chupa kubwa ya chai.

"Shikamoo babu."

"Marahaba." Nilijibu nimeegemea nguzo yangu.

"Hawa hawajasikia," akasema akiwaonyesha mafundi. "Magomeni haihesabiki. Kreti ni hili hapa."

Nikapanda. Kreti jekundu, lililopasuka pembeni. Magoti yalilia. Nikaanza na vidole vyangu viwili vikinyanyua maganda ya yai, nikafika kwenye transfoma ya Awadh, na walikuwa wameanza kulegea. Nilipofika kwa Mangi na tandiko lake, fundi mmoja alikuwa amelala chini anapiga ardhi kwa kiganja. Awadh alikuwa analia kabisa, halua imemdondoka. Nikaona mambo yananoga, nikaongeza na yale Tausi aliyoniambia, wepesi wake, washa za plastiki, mchanga mkavu, tone la siki, nikarudia dap kwa mdomo mara tatu kwa sababu waliomba. Aneth naye akacheka, mwishowe, kichwa nyuma, na mimi nikapagawa, nikaanza upya kisa cha muuza mikate.

Alikuwa ameshafungua chupa. Harufu ile haikuwa ya kahawa yetu ya birika. Ilikuwa ya Kibosho, imekaangwa na bibi yake kwa mkono, kutoka kwenye miti iliyo nyuma ya nyumba yao. Akamimina kikombe kimoja, akakishika kwa mkono wa kulia, akanyoosha.

"Shuka, babu. Kahawa inapoa."

Nikashuka, nikakaa.